Taka za Mjini Zirejee Kibanjani

Katika mambo ambayo watu wa Bukoba na Muleba wameyarithi kwa wazee wao, na ambayo aghalabu hawayasemi kwa sababu wameyazoea mno, hakuna lililo adhimu kuliko kibanja, yaani shamba la migomba lililoizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni, maharagwe na miti ya matunda imekaa pamoja kwa vizazi vingi. Mgeni apitaye njia ya Maruku au ya Kamachumu huuona ule ukijani mzito juu ya vilima, akadhani kwamba ardhi ya huko ilijaliwa neema tangu kuumbwa kwake. Dhana hiyo ni batili. Mvua ya upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ambayo kwa Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, imeuosha udongo ule karne baada ya karne na kuuondolea sehemu kubwa ya chakula cha mimea, na ushahidi wa jambo hilo uko wazi katika rweya, zile mbuga za majani zinazopakana na vibanja, ambako mvua ni ile ile lakini mgomba hausitawi. Kilichokifanya kibanja kuwa kibanja ni mkono wa binadamu: samadi ya ng'ombe, majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, na kila kilichosalia baada ya mlo.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa makusudi, kwa kuwa suala la taka za mji wa Bukoba, ambalo hujadiliwa kila mara kana kwamba ni suala la malori, mafuta na dampo, kwa hakika ni suala la kibanja. Rai yangu ni kwamba Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba zianze sasa utaratibu wa kutenga taka zinazooza na zisizooza, utaratibu huo uanzie masokoni, na zile zinazooza zigeuzwe mboji na kurejeshwa kwa wakulima. Tena naamini kwamba jambo hilo litasimama endapo tu litajengwa juu ya mapatano yenye faida kwa kila upande, na litaanguka likijengwa juu ya faini na vitisho.

Zamani mla ndizi aliishi ndani ya shamba lililomlisha, na ganda alilolimenya asubuhi lilikuwa limekwisha rudi chini ya mgomba kabla ya jua kutua. Leo walaji wengi wako Kashai, Hamugembe, Bilele na Rwamishenye, na wengine wako ng'ambo ya ziwa, Mwanza, ambako mikungu hupelekwa kwa meli na kwa malori. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 128,796 katika Manispaa ya Bukoba na 540,310 katika Wilaya ya Muleba. Na mkoa mzima wa Kagera, uliokuwa na watu 2,458,023 mwaka huo, ulikuwa umefikia watu 2,989,299 katika sensa ya 2022. Kila mkungu unaotoka kibanjani kwenda kuwalisha watu hao huondoka na sehemu ya rutuba ya kibanja, hasa potasiamu, ambayo mgomba huila kwa wingi kupita mazao mengi na ambayo hujaa katika maganda na katika shina la mkungu. Mkulima hulipwa thamani ya ndizi. Rutuba iliyosafiri pamoja nayo hailipwi na mtu yeyote, wala hairudi.

Hasara hiyo ingevumilika lau ng'ombe wangekuwapo wa kuifidia, lakini ng'ombe wa nchi hii ya Buhaya, ambao sotoka ya miaka ya 1890 iliwafyeka, wamezidi kuwa wachache kwa kila kaya kadiri malisho yalivyopungua na watu walivyoongezeka, na leo kuna vibanja vingi visivyoonja samadi mwaka hata mwaka. Mgomba wenye njaa ni mgomba mnyonge: fukusi huutoboa, minyoo ya mizizi huuangusha, na magonjwa hukuta nyumba isiyo na mlinzi. Kufikia mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ulikuwa umekwisha ingia Muleba, ukaenea katika mkoa, na mashamba yaliyolisha familia kwa miaka mingi yakateketea. Siwezi kusema kwamba mboji ingeuzuia mnyauko, kwa maana huo una njia zake za kuambukiza; nasema tu kwamba mkulima aliyeng'oa migomba yake na kuanza upya anahitaji rutuba ya kuanzia, na kwamba bei za mbolea ya viwandani zilipopanda mwaka 2022 hata Serikali ikalazimika kuzitolea ruzuku, ilidhihirika kwetu sote jinsi tunavyotegemea mifuko itokayo mbali.

Sasa na tuitazame hali ya mjini. Katika miji ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni vitu vinavyooza, na Bukoba, mji unaokula ndizi mchana na usiku, hauwezi kuwa chini ya kadiri hiyo. Vitu hivyo, madhali vinaachwa vikichanganyika na chupa, vipande vya nailoni, nyembe na betri, huwa balaa tupu: hunuka, huvuta nzi, hutoa maji machafu, na mvua kubwa ya Bukoba ikinyesha husombwa hadi kwenye mitaro na Mto Kanoni, ambao hupita katikati ya mji na kumwaga mzigo wake ziwani. Ziwa hilo ndilo tunaloteka maji ya kunywa na ndilo tunalovulia samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliochunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ulikuta vipande vya plastiki matumboni mwa samaki mmoja katika kila watano wa kila aina. Ajidanganyaye kwamba mto huchukua taka zetu zikatoweka, basi na ajue kwamba hurudi mezani.

Watu wengi wakisikia habari hizi husema kwamba dawa ni dampo la kisasa na malori zaidi. Sikatai kwamba kila mji unahitaji mahali pa kuzikia masalia yake, lakini dampo linalopokea kila kitu mahuluti, hata liwe la gharama kiasi gani, hujaa, na likijaa huwa hatari. Majirani zetu wa Kampala walikuwa na dampo la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua, mlima wa taka uliporomoka juu ya makazi na watu zaidi ya 30 wakafa. Kitu kinachoulegeza mlima wa namna ile ni taka zinazooza, zenye maji na zenye kufanya gesi. Mji unaoziondoa hizo kabla hazijafika dampo huongeza uhai wa dampo lake, na huzuia maafa ambayo hakuna bajeti iwezayo kuyalipia.

Sheria haipingani na rai hii, bali inaiamuru. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezitwika serikali za mitaa dhamana ya taka ngumu, na imezitaka ziweke kanuni ili taka za aina mbalimbali zitenganishwe pale pale zinapozalishwa. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu sheria hiyo itungwe, na katika mitaa yetu mingi bado ganda la ndizi na chupa iliyovunjika vinalala katika kizimba kimoja.

Hapa ndipo mtu mwenye hamaki atakapouliza: ikiwa sheria ipo, kwa nini mgambo wasipite nyumba kwa nyumba na kuwatoza faini wakaidi? Jibu liko katika tarikhi ya nchi hii. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipowashurutisha wakulima wa Buhaya kufuata kanuni za utunzaji wa kahawa, fitina na ghasia zilizuka na kanuni zikachukiwa na wale wale zilizodaiwa kuwafaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaja mkasa mwingine, wa amri za kupambana na fukusi wa migomba, ambapo wakaguzi waliingia vibanjani mwa watu na kuwaamuru wafukue na kukatakata mashina. Upinzani ukawaka, Kamachumu ikawa kitovu chake, na Ali Migeyo, aliyepata kuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri wa harakati za uhuru katika Buhaya, akaingia gerezani kwa ajili ya mambo hayo. Jambo la kuzingatiwa na wakuu wetu ni kwamba ushauri wenyewe haukuwa wa uongo, kwa kuwa usafi wa shamba hata leo ni kinga iliyo bora dhidi ya fukusi. Kilichouangamiza ni kwamba uliletwa kwa mabavu, na mtu ambaye shamba ni lake hakuulizwa wala hakuonyeshwa faida.

Kwa hiyo tuanze mahali ambapo faida iko karibu na taabu ni ndogo. Taka hazizaliwi zikiwa zimechanganyika; sisi ndio tunaozichanganya. Mama anayemenya ndizi nyuma ya mgahawa ana rundo la maganda matupu, safi kabisa, mpaka dakika ile anapokosa chombo cha pili na kulitupa pamoja na mfuko wa sukari na kizibo cha soda. Muuza mikungu sokoni ana mashina, majani na ndizi zilizooza, vyote vya aina moja. Mahali pa kwanza pa kazi hii, basi, ni masoko ya Bukoba, migahawa, mama lishe, shule za bweni na hospitali, ambako watu wachache huzalisha taka nyingi zenye kuoza, na ambako pipa la pili na guta moja lipitalo kila asubuhi vinatosha kuanza. Nyumba za watu zifuate baadaye, mtaa baada ya mtaa, pale ambapo wakazi watakuwa wamekwisha ona kwa macho yao kwamba kinachotengwa hakiendi kuchanganywa tena ndani ya lori moja; kwa sababu hakuna kitu kinachoua hiari ya watu upesi kama kutenga taka nyumbani na kisha kuziona zikimwagwa pamoja.

Maganda yakifika mahali pa kazi, ambapo shurti pawe na paa kwa ajili ya mvua zetu na sakafu isiyopitisha maji, kazi yenyewe si ya siri wala haihitaji mashine za ng'ambo. Mashina hukatwakatwa kwa panga ili yaoze upesi. Maganda, yaliyo na maji mengi, huchanganywa na vitu vikavu, na Bukoba ina vitu hivyo tele: maganda ya kahawa kutoka viwanda vya kukoboa, majani ya rweya, na unga wa mbao. Samadi kidogo huongezwa penye mbuzi au ng'ombe. Fungu likipangwa vema hupata joto lenyewe hadi nyuzi 55 au 65 za sentigredi, na joto hilo, likishikilia siku kadhaa na fungu likapinduliwa ili nje iwe ndani, huua mbegu za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Baada ya miezi miwili au mitatu mboji huwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya udongo wa msituni, tayari kwa shimo la mgomba.

Katika habari ya maradhi sina budi kusisitiza jambo moja, nalo ni kwamba haifai abadani kuchukua maganda na mashina mabichi ya sokoni, yaliyotoka vijiji vingi, na kuyamwaga moja kwa moja katika kibanja cha mtu, ilhali mnyauko wa bakteria bado upo mkoani. Joto la fungu ndilo karantini yetu, na ni wajibu wa halmashauri kushirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ambacho kimeshughulika na migomba kwa miaka mingi, ili kila mahali pa mboji pawe na kipimajoto, daftari la vipimo, na mtaalamu wa kupima mboji kabla haijauzwa. Mkulima akipata hasara mara moja kwa mboji yenye ugonjwa au yenye vigae vya chupa, hatainunua tena, na majirani zake hawatainunua vilevile.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya yamejaribiwa kwingine yakashindikana. Ni kweli kwamba yako yaliyoshindikana: katika miaka ya 1970 miji mingi ya India ilijengewa viwanda vikubwa vya mboji, navyo vingi vikafungwa, kwa kuwa vililishwa taka mahuluti na kutoa mboji chafu ambayo wakulima waliikataa. Kwa upande mwingine, mjini Dhaka, Bangladesh, taasisi ya Waste Concern iliyoanzishwa mwaka 1995 ilianza na mahali padogo mtaani, ikazikusanya taka za nyumbani kabla ya kuchafuka, na ikatafuta kampuni ya mbolea ya kuinunua mboji yake. Nayo ikawa mfano kwa miji mingine. Hapa nchini, Manispaa ya Kinondoni ikishirikiana na mji wa Hamburg wa Ujerumani imejenga kituo cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masokoni; na katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, ushirika wa wakusanyaji taka uliosaidiwa na asasi ya Nipe Fagio umepita nyumba kwa nyumba ukizichukua taka zilizotengwa. Hata Kagera yenyewe haiko nyuma: huko Karagwe, shirika la MAVUNO na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walijaribu mboji zenye vumbi la mkaa katika mashamba ya mahindi na maharagwe, na mahindi yakanawiri kupita yale ya udongo usiopewa kitu. Mifano hii yote inakiri kauli moja: anza padogo, anza na taka safi, na mjue mnunuzi kabla hujaanza kulipanga fungu.

Mnunuzi wetu yuko karibu kuliko wa Dhaka. Vyama vya msingi vya kahawa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera (KCU) vina wanachama ambao mibuni yao imo ndani ya vibanja hivyo hivyo vyenye njaa, na vinaweza kuwakopesha mboji msimu wa mvua na kukata deni msimu wa kahawa. Mtaji wa kuanzia nao upo: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sioni kikundi cha vijana kinachostahili mkopo huo kuliko kile kitakachonunua guta na mapipa na kuingia mkataba wa miaka kadhaa wa kusafisha soko. Lakini mkataba huo uwe wa haki, uandikwe, na hesabu zake zibandikwe ukutani, kwani wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Taka kavu nazo zina njia yake, ingawa ni njia ngumu zaidi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilionyesha kwamba mazoea ya nchi nzima yanaweza kugeuka kwa muda mfupi pale ambapo kitu mbadala kinapatikana. Lakini chupa za maji na soda zimebaki, na wanaozikusanya ni waokota chupa ambao hupita kwenye vizimba bila glavu wala bei ya uhakika. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na chupa tupu ni upepo mtupu ndani ya lori, kwa hiyo nauli huila faida yote. Lililo la busara ni kuwa na mashine ya kushindilia mjini Bukoba, ghala moja la pamoja kwa manispaa na Muleba, na nauli nafuu ya marobota hayo kwenda Mwanza katika meli ile ile inayochukua ndizi. Waokota chupa wapewe vitambulisho, glavu na mahali pa kuuzia, kwa kuwa wao ndio waliofanya kazi hii bila mshahara wakati sisi wengine tulikuwa tukifumba macho.

Na Muleba isidhani kwamba hili ni suala la mjini Bukoba peke yake. Katika miji midogo ya wilaya hiyo, Muleba mjini, Kamachumu na Nshamba, soko na kibanja vimetenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, na mkokoteni unaweza kufanya kazi ambayo Bukoba inahitaji lori. Tena mji mdogo unaojifunza kutenga taka ukiwa bado mdogo hautalazimika kujifunza ukiwa umekwisha elemewa. Visiwa vya wilaya hiyo, kama Bumbire na Goziba, vina shida yake: watu wengi katika eneo finyu, nafasi haba ya kuchimba shimo, na ziwa pande zote. Huko yafaa mitumbwi na boti zinazoleta samaki bara zichukue pia magunia ya chupa na nyavu kuukuu, kwa ujira utakaotokana na ushuru wa mialo, badala ya kuyaacha mawimbi yaamue.

Natambua kwamba halmashauri zetu zitasema hazina fedha. Nami nauliza: fedha zinazonunua dizeli ya kubebea maganda, ambayo uzito wake mwingi ni maji, kuyapandisha vilimani hadi dampo, hizo si fedha? Madiwani wanaokaribia kuipitisha bajeti nyingine na waandike ndani yake mambo matatu tu: mapipa mawili katika kila soko, banda moja lenye paa la kufanyia mboji kwa kila mji, na mkataba wa mnunuzi pamoja na vyama vya wakulima. Halmashauri inayolipa kuyatupa maganda ya ndizi, wakati wakulima wake wanalipa kuagiza mbolea kutoka ng'ambo, inawatoza watu wale wale mara mbili, na haina hoja ya kujitetea.